Jina Lako Katika Marejeo

Chumba cha Wahadhiri,
Maktaba Kuu, Ghorofa ya Pili,
S.L.P. ile ile ya chuo.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa, maana naijua tabia yako ya kusoma barua umeegemea mlango na ufunguo bado mkononi. Kaa kwanza. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa inasaidia, au bado unapanda ngazi za kazini kwa kushikilia ukuta? Na mvuke wa chumba cha kufulia, bado unakuchoma macho? Shemeji aliniambia hospitali imewaletea mashine mpya za kupiga pasi mashuka, na kwamba wewe ndiye unayewaelekeza wenzako. Nilifurahi, ingawa sikushangaa. Tangu lini umekaa mahali bila kuwapanga watu?

Huku hatujambo. Mume wangu ana kikohozi kidogo na anajifanya mgonjwa mahututi ili asitumwe dukani. Binti yangu yuko kwenye mitihani, kwa hiyo nyumbani tunatembea kwa ncha za vidole na kunong'ona kama wezi. Shangazi mzima wa afya, na sauti yake nzima zaidi. Yeye ndiye aliyewatangazia majirani wote kwamba mtoto wa kaka yake sasa ni mkuu wa idara, kabla hata idara yenyewe haijazaliwa. Kila nikipita, watu wananipongeza nami natabasamu kwa taabu. Nimeanza kupitia njia ya nyuma.

Najua umenipigia simu mara nyingi nami sikupokea, nikawa nakutumia ujumbe kwamba niko kikaoni. Sikuwa kikaoni, Dada. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, naitazama simu ikilia na picha yako ikinikodolea macho. Ningepokea ungenijua kwa sauti tu, na ungeanza kunihoji kabla sijajipanga. Kwenye simu wewe ni bingwa wa kunikatiza. Kwenye barua itakubidi unisikilize mpaka mwisho, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nimefanya jambo la aibu, na wewe umo ndani yake bila kujua.

Unakumbuka ulivyonicheka siku nilipokueleza somo langu? Uliniuliza, "Kwa hiyo chuo kizima kimekuajiri umwambie mtu mzima asiamini kila anachosoma?" Nilinuna siku nzima, lakini hukuwa mbali na ukweli. Ujuzi wa taarifa ndio huo: mwanafunzi ajue anataka kujua nini, akakitafute wapi, ampime aliyesema ni nani na amejuaje, kisha ataje wazi alikokitoa. Rahisi kusema. Kulitenda ni kazi, na watu huhitimu na majoho yao bila kuliweza.

Hapa chuoni, kwa miaka nenda rudi, somo hilo limekuwa matembezi tu. Wiki ya kwanza wanafunzi wapya wanaletwa maktaba kwa makundi, wanaonyeshwa rafu, mashine ya kutoa nakala na vyoo, basi, tumemaliza. Wenzangu wa fani nyingine huliita somo la kuonyeshana makabati. Mimi nimelipigania liwe taaluma inayojitegemea, lenye mitihani yake, watafiti wake na idara yake, kama historia au fizikia. Na kila niliposimama niliulizwa swali lile lile: utafiti wenu uko wapi? Unanijua nilivyo. Nilikuwa nikipandisha hasira na kujibu kwa ukali, halafu nakwenda kulia chooni.

Safari hii nilijiandaa. Niliandika pendekezo zito la kupeleka seneti, mimi na wasaidizi wangu wawili, vijana wenye akili kuliko mimi. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja cha kuwaziba watu midomo, nami nikakipata katika jarida moja la kimataifa. Makala ilisema utafiti umeonyesha kwamba wanafunzi saba kati ya kumi hunakili marejeo ya wenzao bila kuufungua utafiti wenyewe wanaoutaja. Dada, niliruka. Niliichukua sentensi ile na marejeo yake kama yalivyo, nikaiweka ukurasa wa kwanza kwa herufi nzito. Mtafiti alikuwa ametajwa kwa herufi moja na jina la ukoo, jina la babu yetu. Lakini jina lile limejaa kila mahali, wala sikushtuka. Nilichohisi ni fahari kidogo, kwamba kumbe kuna mtu wa jina letu aliyeiona hali hii kama ninavyoiona.

Utafiti wenyewe sikuufungua. Umesoma vizuri. Nilinakili, bila kuufungua, utafiti unaosema watu hunakili bila kufungua.

Mle kwenye seneti yumo mzee mmoja wa historia ambaye wanafunzi humwita Profesa Tanbihi, kwa sababu hawezi kukusalimia bila kukutajia chanzo. Siku ya kikao cha kwanza alilisifu andiko letu, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba angependa kuusoma utafiti ule wa saba kati ya kumi, kwa sababu alikuwa ameutafuta bila mafanikio. Hakuwa na nia mbaya. Nikamwambia, bila hata kupepesa, kwamba nitampatia. Wakaahirisha kura mpaka kikao cha pili.

Nikaanza kuutafuta. Makala ile ilikuwa imeutoa kwenye makala nyingine. Nikaifungua hiyo, nayo ilikuwa imeutoa kwenye nyingine, na kila mmoja alikuwa amepunguza au ameongeza neno. Mmoja alibadilisha mwaka, mwingine akafupisha kichwa cha habari. Mwisho nikafika kwenye tasnifu ya kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe zamani, ambaye sasa ni mhadhiri chuo kingine. Nikampigia simu kwa ubabe kidogo, naomba anitumie utafiti huo. Kijana wa watu akashangaa. "Mwalimu, si ulitugawia wewe mwenyewe?"

Akanitumia picha. Kilikuwa kitini changu, Dada, cha miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha. Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi namna ya kuandika marejeo: jina la mtafiti, mwaka, kichwa cha habari, mchapishaji. Nilihitaji mfano, na kwa kuogopa kukosea kazi ya mtu wa kweli, nikabuni. Nikabuni kichwa cha habari, nikabuni chapa, nikabuni na sentensi ya matokeo ili wajue namna ya kunukuu. Saba kati ya kumi niliitoa hewani, nikinywa chai. Chini ya ukurasa niliandika kwa herufi ndogo kwamba ni mfano tu. Lakini vitini vile vilikuwa vinatolewa nakala juu ya nakala, na mashine yetu ilikuwa na tabia ya kula mstari wa chini.

Kitu pekee ambacho sikukibuni ni jina la mtafiti. Niliandika jina lako, lote, kuanzia ulilopewa na Mama mpaka la babu.

Hukuwahi kulijua hilo kwa sababu niliona haya kukuambia. Wewe ulikuwa na nafasi ya chuo kikuu. Nilipokua niliiona barua yao ya kukupokea, uliificha ndani ya foronya ukidhani hakuna aliyejua. Mama akaugua, mimi na kaka tukiwa bado wa kuogeshwa, ukaiacha ile barua na hukuitaja tena hata siku ya hasira. Basi nilipopata darasa langu la kwanza, nikaona angalau jina lako liingie chuoni. Lipigwe chapa, ligawiwe kwenye madawati, watu walinakili kwa kalamu kama wanavyonakili majina ya wakubwa. Ilikuwa siri yangu na nilijiona mwerevu sana. Sasa wewe, ambaye hujawahi kukanyaga ukumbi wa mihadhara, umenukuliwa katika majarida matatu kwa utafiti ambao hukuufanya. Najua ungecheka hapa, kama hadithi ingeishia hapa.

Nilimweleza mume wangu. Yeye, kwa kunipenda, akasema nifute mstari ule, niweke mwingine, nani atakumbuka. Nikakubali. Nikaufuta kweli, nikahifadhi, nikafunga kompyuta na kupumua. Kesho yake asubuhi nikaingia darasani. Somo la siku hiyo lilikuwa kufuata taarifa mpaka ilikoanzia. Mstari wa mbele alikaa binti mmoja ambaye muhula uliopita nilimpa sifuri kwa kutaja kitabu ambacho hakuwahi kukiona. Alilia mbele yangu, nami nikamwambia kwamba huko ni kuwadanganya wasomaji. Nilipomwona ameshika kalamu ananisubiri, nilifunga daftari langu. Nikawapa zoezi la kufanya peke yao na kutoka nje. Nikaurudisha ule mstari kwenye andiko, nikamwandikia Mwenyekiti kuomba nafasi ya kuusema ukweli mbele ya seneti.

Mpaka hapo unaweza kusema nimejikaza. Shangazi angesema nimelelewa. Sasa ngoja nikueleze aibu yenyewe.

Ukumbi wa seneti una meza moja ndefu inayong'aa, na vipaza sauti ambavyo kila mtu huvigonga kwanza kwa kidole. Nilisimama, nikaeleza yote: makala, tasnifu, kitini, mashine. Kisha Mwenyekiti akauliza swali la kawaida kabisa, ili kumbukumbu zikae sawa. "Na huyu mtafiti aliyetajwa ni nani?"

Nilikuwa na jibu, fupi na la kweli. Lakini nilizitazama zile suti, na ile miwani, na nikaona swali litakalofuata. Amesomea wapi? Anafanya kazi gani? Nikajiona nikisema mbele ya maprofesa kwamba dada yangu anafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Nikasema, "Hayupo, Mwenyekiti. Ni jina la kubuni."

Mkuu wa Uhandisi, ambaye hapitwi na utani, akasema, "Kumbe wafanyakazi hewa hawatoshi, sasa tunao na watafiti hewa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ulikuwa mzigo umewashuka, nadhani, baada ya maelezo yangu.

Na mimi nilicheka, Dada. Nilicheka pamoja nao.

Andiko likarudishwa. Hawakulikataa, walisema tulilete tena tukiwa na utafiti wetu wenyewe, tulioufanya kwa mikono yetu. Ni haki yao. Wasaidizi wangu hawakunilaumu hata kwa jicho, jambo lililonichoma zaidi. Kwenye korido watu walinipigapiga begani na kunisifu kwa ujasiri wa kusema kweli. Nilizipokea sifa hizo huku nikitamani sakafu inimeze, maana mimi peke yangu nilijua ni wapi kweli ile ilikatika.

Hicho ndicho kipindi ulichokuwa ukinipigia simu. Shemeji alinidokezea kwamba umewaahidi wenzako kazini kuwaonyesha andiko la mdogo wako, mtalisoma wakati wa mapumziko. Nikawa naiona picha hiyo, wewe na miwani yako ya kamba, umelikunjua juu ya meza ya kukunjia mashuka. Sikulala vizuri. Nimeona haya maishani mwangu kwa mambo mengi, na kwa kosa hili la kitaaluma nitaona haya mpaka nistaafu. Lakini haya ya pale ukumbini ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu sikuwa nimejionea haya mimi. Nilikuonea haya wewe. Nimeandika sentensi hii na kuikata mara kadhaa, sasa nimeiacha.

Wiki iliyofuata zikaja kumbukumbu za kikao. Katibu ni mtu makini, ameandika neno kwa neno: mtoa mada alieleza kwamba mtafiti aliyetajwa hayupo, na kwamba jina hilo ni la kubuni. Nililiona limepigwa chapa, na muhuri wa chuo juu yake. Unajua kazi yangu ni kuwaambia watu kwamba kilichoandikwa mahali rasmi ndicho wajukuu watakachokiokota. Huko mbele mtu akitaka kujua kama uliwahi kuwepo, chuo changu kitamjibu kwamba hukuwepo, na chanzo ni mimi, mtoto uliyemlea.

Alhamisi iliyopita seneti ilikaa tena. Unajua vikao, jambo la kwanza ni kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Mwenyekiti huuliza kama kuna masahihisho, watu husema hakuna, wanasonga mbele. Nikanyoosha mkono. Akadhani ni kosa la uchapaji. Nikamwambia hapana, ni ukurasa wa pili, pameandikwa kwamba mtafiti hayupo kwa sababu mimi ndiye niliyesema hivyo, na nilisema uongo.

Nikasema hivi, nakuandikia kama nilivyosema: "Utafiti ndio haupo. Mtu yupo. Ni dada yangu wa tumbo moja, ndiye aliyetulea. Anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na hakusoma chuo kikuu kwa sababu alikuwa akitusomesha sisi. Nililiweka jina lake kwa mapenzi, na mliponiuliza nikamkana kwa aibu. Naomba kumbukumbu zisahihishwe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mkuu wa Uhandisi aliinamia karatasi zake kama anatafuta kitu. Sikusikia nafuu niliyoitegemea. Profesa Tanbihi ndiye aliyeongea kwanza. Aliniuliza jina lako lote linaandikwaje, herufi kwa herufi, kwa sababu katika zile nakala za makala nilizompa alikuwa ameliona limekosewa namna mbili. Nikamtajia. Katibu akaandika. Tukaendelea na ajenda ya ukarabati wa mabweni.

Majarida yale matatu nimeshayaandikia, nimeyaomba yatoe tangazo la kuuondoa utafiti ule. Itachukua muda, na pengine mengine hayatajibu. Nataka ujue kwamba jina lako bado litazagaa huko duniani likibeba kazi isiyo yako, na kwamba siwezi kulifukuzia lote. Hilo nalo naliombea radhi.

Sasa na salamu, maana ukurasa unaisha na mkono umechoka. Msalimie sana Shemeji, mwambie namshukuru kwa kutonisengenya. Wabusu wanangu wawili, mkubwa na yule mtundu, waambie mama yao mdogo anawakumbuka. Shangazi anakusalimu, na anauliza kwa nini siku hizi huvai lile gauni alilokushonea. Kaka naye alipita juzi, akala, akalala, akaondoka, kwa hiyo mzima. Bado sijawaambia wote wawili habari hii. Nilitaka uijue wewe kwanza, kutoka kwangu.

Mungu akulinde na baridi ya huko, akupe magoti mapya kama inawezekana, na ayazidishe maisha yako kuliko yangu.

Wenzako wakikuuliza kama ni kweli uliwahi kuandika utafiti, waambie hukuandika. Na wakikuuliza kama una mdogo wako anayefundisha chuo kikuu, una haki ya kuwajibu kwamba hayupo, sitakuwa na la kusema. Ila nakuomba, Dada, nakuomba sana, usiwajibu hivyo.

Wako akupendaye, na mwenye haya mbele yako,
Mdogo wako,
Chiriku